Jakuzi Kutoka Maparoni

Jumatatu, 9 Agosti 1993

Tamimu amenunua televisheni. Gesti yake sasa ina televisheni, jenereta na kibao cha rangi mbili. Gesti yangu ina vyumba vinne, vitanda vitatu na mimi. Leo jioni abiria wa Lindi walishuka stendi hapa Kibiti, wakanitazama, wakasikia jenereta inaunguruma, wakaenda kwake. Mmoja akanirudia kuniuliza njia. Nikamwelekeza. Mpaka sasa sijui kwa nini nilimwelekeza.

Nikaenda kujiliwaza kwa Mwanamina. Ni mjane, ana mgahawa pale stendi, na wali wake wanausifu mpaka Ikwiriri. Nampenda. Nimeandika, basi. Nimekwisha kumposa mara mbili, akacheka mara mbili. Leo nikajaribu tena na hakucheka. Kasema hana ubaya na mimi, ila amechoka kusikiliza mipango. Akaihesabu kwa vidole: mashine ya karanga iliyokuja bila injini, nyuki waliohama na mizinga ikabaki, basi dogo ambalo nilianza kwa kununua milango. Nimwonyeshe jambo moja tu nililolianza nikalimaliza. Siku hiyo ataongea na kaka yake.

Jambo moja! Kabla ya Maulidi litakuwa limekwisha. Bado kulipata tu.

Jumanne, 10 Agosti

Mungu si Athumani. Asubuhi alikuja mgahawani mchuuzi wa kamba wakavu kutoka Maparoni. Kasema yule mzungu aliyekuwa na kambi ya kuvua samaki kwa mchezo (anavua, anampiga picha, anamrudisha majini) amefunga na kurudi kwao. Vitu vimegawanywa. Kimebaki kimoja, mwenye uwezo wa kukiondoa akichukue bure. Kinaitwa jakuzi.

Nikamwuliza jakuzi ni nini. Beseni kubwa, kasema. Linajazwa maji ya moto, watu sita wanaingia, maji yanatoa mapovu. Nikauliza, wanaoga? Hapana, hawajisugui. Wanakaa. Na wanalipia!

Nikaacha chai yangu nusu. Soko huria hilo. Matajiri wa magogo, wafanyabiashara wa Mtwara, maafisa wenye posho, wote hupita Kibiti wamechoka na mavumbi. Tamimu ana televisheni, lakini nani amewahi kukaa ndani ya televisheni? Maji tutachemsha kwa masufuria ya Mwanamina. Mapovu, pampu ya baiskeli. Nimemdokezea Mwanamina kwamba jambo lenyewe limepatikana, na kwamba nitahitaji masufuria yake kwa maji ya moto. Kaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 12 Agosti

Maparoni. Nimeliona. La bluu, linateleza, lina viti ndani yake na matundu mengi ubavuni. Mlinzi wa kambi amelifanya banda la bata. Bata mmoja alikuwa ameatamia na hakupenda kuhama. Kidole changu cha shahada kimevimba.

Tuliliinua watu wanane, tukapiga hatua chache, tukalitua. Halibebeki mbali. Mlinzi akanikutanisha na Mwinjuma, fundi kalafati, kazi yake kuziba nyufa za vyombo kwa pamba na mafuta. Mwinjuma kalizunguka, kaligonga, kasema hiki nacho ni chombo, kitaelea. Tukiburute kwa mtumbwi wa mashine mpaka Nyamisati, huko kuna malori. Hapo nikamwona mtu wa maana.

Kisha akaharibu. Kasema tusubiri bamvua, maji yajae sana, siku hizi ni maji mafu. Nikamwambia maji ni maji. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema milimani, Umatumbini. Akasema ahaa, akakaa chini akawasha sigara.

Nikawakodi vijana, tukalisukuma mpaka ukingoni mwa mkondo, tukangoja maji yajae. Yakajaa. Yakaishia mbali kidogo na jakuzi, yakatuangalia, yakarudi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuingia kwenye tope mpaka mapajani, tayari kusukuma. Wamenitoa kwa kamba. Kiatu kimoja nimewaachia Maparoni.

Jumamosi, 14 Agosti

Bado tunangoja maji. Nakula ugali na kamba kila siku, siwezi kulalamika.

Mwinjuma ameziba. Nilimwagiza azibe tundu la kutolea maji tu. Nimerudi kutoka kuswali adhuhuri nikakuta ameziba matundu yote ya mapovu, na anayasugua mafuta kwa furaha. Nikamweleza kwamba mapovu ndiyo biashara yenyewe. Akanijibu kwamba yeye tangu azaliwe hajaacha chombo chenye tundu kiondoke mikononi mwake, na hataanza na hiki. Hilo halitavuja mpaka wajukuu zangu. Nikamwuliza pamba hiyo inatokaje. Akasema haitoki. Kaona nimenuna, akanipigapiga begani na kuniambia wazungu wenyewe walikuwa hawajui kuziba, ndiyo maana waliondoka.

Nimeamua mapovu yatatokana na sabuni.

Jumatano, 18 Agosti

Bamvua. Maji yamekuja yenyewe mpaka chini ya jakuzi, yakalinyanyua bila kusukumwa na mtu. Sikumtazama Mwinjuma usoni.

Safari. Mwinjuma mbele kwenye mtumbwi wa mashine, kamba, halafu jakuzi. Mimi ndani ya jakuzi na mwavuli, kwa ajili ya usalama wa mali. Hakuna aliyeniambia kwamba kitu cha duara kikiburutwa huzunguka. Nimeona mikoko ya kulia, mikoko ya kushoto, mgongo wa Mwinjuma, tulikotoka, kisha mikoko ya kulia tena. Kamba niliokula tangu Alhamisi walirudi mkondoni mmoja mmoja.

Wanawake waliokuwa wakisomba kuni ukingoni walipiga vigelegele, wakauliza bwana harusi anapelekwa wapi. Nikawajibu Kibiti. Ilikuwa kweli, kwa hesabu zangu.

Halafu kiboko. Kaibuka masikio, kaibuka macho, katuangalia. Mwinjuma akapunguza mashine na kunieleza, bila haraka, kwamba kiboko akisogea, yeye atakata kamba. Nikamwuliza ya nini. Akasema ili chombo kimoja kipone. Nikapiga shahada, nikajikunyata kwenye kiti cha ndani, mwavuli juu. Labda kiboko alidhani sisi ni kitu kinachouma. Alizama akaenda zake. Tukafika Nyamisati mchana, ndani ya jakuzi hamna hata tone. Mwinjuma aliingiza mkono kupima, akalia machozi kidogo. Nami nikalia kidogo.

Alhamisi, 19 Agosti

Lori la fito limenikubali. Jakuzi juu ya fito, kifudifudi, kamba kila upande. Abiria waligundua kuwa chini yake kuna kivuli, wakaingia sita. Watu sita, kama ilivyokusudiwa na watengenezaji.

Kibiti jioni. Hapo ndipo dereva alipokuja na mambo yake. Kichochoro cha kwangu chembamba, lori haliingii, yeye ana safari ya Dar. Akalishusha mbele ya msikiti wa mtaa wetu, pembeni ya kisima, likiangalia juu, akaondoka. Nikaona si vibaya, mahali pa heshima, wezi hawapagusi. Hodhi la msikiti lilipasuka tangu masika, watu wanatawadha kwa makopo na kugombana foleni, kwa hiyo pana watu muda wote.

Nikaenda kupima mlango wa gesti. Jakuzi ni pana kuliko mlango. Nikapima mlango wa nyuma. Jakuzi ni pana kuliko milango yote miwili ikiunganishwa. Mtu mwingine angekata tamaa.

Ijumaa, 20 Agosti

Nimebomoa ukuta.

Nilianza baada ya chai. Udongo ulikubali, fito zilibisha. Kufikia saa tano chumba namba mbili kilikuwa kinatazamana na barabara. Watu walisimama. Tamimu naye akaja, kanzu nyeupe pee, akauliza kwa sauti ya upole kama ninahama. Akasema kama nina shida nisione haya, sisi ni majirani. Nilitamani kumtupia tofali lakini ukuta wangu hauna tofali.

Adhana ikaniokoa. Nikajikung'uta, nikawaambia vijana wanisubiri, tukitoka kuswali tubebe. Nikaenda msikitini, na pale nje nikasimama kama niliyepigiliwa.

Jakuzi limejaa maji mpaka ukingoni. Wazee wameketi kulizunguka, wanatawadha. Mmoja amekalia kiti cha ndani, anaosha miguu kwa raha zake, anawaonyesha wenzake. Foleni hakuna. Ugomvi hakuna. Sheikh Abdulswamadu, imamu wetu, anasema kwa furaha kwamba limepita kulatein, maana yake maji yake ni mengi kiasi kwamba watu wakiingiza mikono hayaharibiki. Na halivuji! Wamelijaza tangu alfajiri na hapo chini pakavu.

Nikajiambia, Mshamu, tulia. Swali. Baadaye utamvuta sheikh pembeni umweleze taratibu.

Sala ikaisha. Sheikh akasimama. Akasema kuna mja ameleta hodhi jana magharibi, kaliacha kimyakimya asionekane, na hiyo ndiyo sadaka ya kweli. Lakini Maulidi yanakaribia na jamaa wanataka kumwombea dua kwa jina lake. Ni nani?

Kimya. Nilikaa kimya kuliko wote. Mpango ulikuwa mzuri.

Kisha, safu ya mbele, Tamimu akakohoa na kuanza kuinuka. Taratibu, akiinyoosha kanzu. Tamimu! Mwenye televisheni! Mimi nimeliwa na bata, nimetazamwa na kiboko, halafu dua aende nayo yeye? Sikumbuki kusimama. Nakumbuka sauti yangu tu inasema ni langu, ni mimi, mimi Mshamu, kutoka Maparoni, kwa mikono yangu.

Sheikh akaniuliza, mbele ya msikiti mzima, kama nimelitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ndugu, utajibu nini? Dua ilikuwa ndefu na nzuri. Watu walinishika mkono mpaka ukachoka. Nilifurahi sana na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja.

Jumamosi, 21 Agosti

Tamimu amepita kunipongeza. Nikamwuliza jana alisimama kusema nini. Alitaka kutangaza mbuzi wake amepotea.

Mchana nikamwendea sheikh. Nikamwuliza, kwa niaba ya rafiki, kama mtu akitoa sadaka halafu ukuta wake ukawa umebomoka. Sheikh kanitazama kwa huruma. Akanikumbusha kwamba anayerudia sadaka yake ni kama mbwa anayerudia matapishi yake, akasema nimsalimie rafiki.

Nimelala chumba namba moja. Mbuzi wa Tamimu nimemkuta chumba namba mbili.

Jumapili, 22 Agosti

Sikutaka kwenda kwa Mwanamina. Yeye ndiye aliyekuja. Akasimama barabarani, akatazama ndani kupitia ukutani, akaniona nimekaa kitandani. Akaniuliza kama ninapokea wageni au azunguke kwanza apige hodi mlangoni.

Akaingia. Kasema mtaa mzima unanisifu na yeye anataka kusikia kutoka kwangu. Yale mazungumzo ya masufuria yake na maji ya moto yalikuwa ya hodhi la msikiti? Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wenye nadhiri na ndoto. Nikamtazama, ukaniishia. Nikamweleza yote, kuanzia bata mpaka mbuzi. Alianza kucheka kwenye kiboko. Kwenye mbuzi akakaa chini sakafuni, akajishika mbavu, kanga ikamwanguka begani, na mimi nilitamani nimweleze tena tangu mwanzo.

Alipopumua akaniuliza, na sasa? Nikasema sasa limebaki pale. Wazee wanalipenda. Nikilitazama roho inaniuma, lakini nikiwatazama wao roho inatulia.

Akasema basi, hilo limeanzwa na limekwisha, hata kama halikukwisha nilivyotaka mwenyewe. Kaka yake atapelekewa habari kesho. Ila sharti: mpaka ndoa ifungwe nisianzishe kitu chochote. Chochote. Nikaapa kwa Mungu.

Jumatano, 25 Agosti

Kaka mtu amekubali. Ndoa ni keshokutwa, Ijumaa, baada ya alasiri, na Sheikh Abdulswamadu ndiye atakayeifunga. Mwanamina anasuka nywele na anaimba. Sijapata kuwa na furaha ya namna hii.

Ukuta nimeuziba kwa mkeka. Sikuanza kujenga, kwa kuwa niliapa.

Leo stendi nimekutana na mtu kutoka kijiji cha Mkongo. Kasema ng'ambo ya mto kuna kiwanda cha mbao kimefungwa, wameacha mashine ya kutengeneza barafu, nzima, haina mwenyewe, ila ni nzito kidogo. Barafu! Kibiti hii, kwa jua hili! Tamimu atauza televisheni yake anunue vipande.

Lakini niliapa, na mimi ni mtu wa kiapo. Sianzishi kitu. Ninakwenda kuitazama tu kesho asubuhi, na kutazama si kuanza.

Lori nimekwisha kulikodi.