Gego Langu na Ruzuku ya Serikali

Jumatatu, 3 Juni

Gego limeamka kabla yangu. Shavu limevimba, nafanana na mtu aliyeficha limau mdomoni. Mnadani nilitangaza kabati la nguo, watu wakadhani nalia. Mwenye mnada akaninyang'anya kengele mbele ya wateja, akampa msaidizi wangu, Kipaza. Kipaza! Niliyemfundisha mwenyewe kusema mara ya kwanza, mara ya pili. Fadhila za punda! Nimeambiwa Jumamosi nije na mdomo mzima. La sivyo, Kipaza ndiye dalali na mimi nitabeba makochi.

Mke wangu kauliza mara ya mwisho nilipiga mswaki lini. Uchokozi mtupu.

Jumanne, 4 Juni

Habari njema! Serikali inalipia meno. Asiye na kazi anatibiwa bure, mwenye kazi anachangia nusu. Mke wangu asema nusu ni haki, niende nikachangie. Haki! Na kodi ninayolipa? (Ningelipa, kama wangenipata.) Nimeamua: kesho sina kazi. Nilitaka kuazima shati lililochakaa kwa jirani. Mke kasema langu la kila siku linatosha.

Jumatano, 5 Juni

Karani wa kliniki, binti wa miwani, aliniuliza kazi yangu. Nikashika shavu, nikatazama sakafu, nikasema dunia imenitupa. Akaniita baba, akanipa pole, akanipa namba ya Ijumaa. Niliona haya kidogo. Zikapita.

Kisha muuguzi akatufundisha kupiga mswaki kwa taya la plastiki. Taratibu, asubuhi na kabla ya kulala, na ulimi usisahauliwe. Mtu mzima mimi! Tukagawiwa mswaki na dawa ya meno bure. Nimemuuzia jirani vyote viwili kabla sijafika mlangoni kwangu.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika kwa hasira. Umeme ulikatika kutwa. Daktari akatoka kusema amebaki na nafasi ya mgonjwa mmoja tu. Namba yangu! Nikainuka. Nyuma yangu dereva wa lori, shavu lake kubwa kuliko langu, akanong'ona kwamba angetoa chochote aipate nafasi ile. Bibi mmoja akasema hata yeye angetoa.

Basi. Watu wawili wakitaka kitu kimoja, mimi sijiwezi. Nikapanda juu ya benchi. Gego nikalisahau kabisa. Nafasi moja, safi, haijatumika! Mara ya kwanza! Bibi akapandisha, dereva akapandisha. Mara ya pili! Nikavua kiatu, nikagonga ukuta. Imeuzwa!

Karani alikuwa mlangoni. Akasema sauti ile anaijua, ndiyo iliyomuuzia kabati ambalo mlango wake ulidondoka njiani. Akasema kwa upole kwamba kumbe baba ana kazi, tena anaiweza. Ningetukanwa ingekuwa afadhali. Msaada umefutwa, hela za dereva nimerudisha, nafasi kapewa bibi. Alinishukuru kwa kuchangamsha foleni. Mlinzi akanisindikiza nje, kiatu mkononi.

Jumamosi, 8 Juni

Kipaza kapiga kengele. Mimi nimebeba makochi. Kila nilipoinama, gego lilipiga kengele yake.

Nyumbani nikamwomba mke akiba yake ya cherehani, nikalipie hiyo nusu. Akafungua mdomo, akanionyesha. Kaziba jino lake juzi, akiba imeishia kwenye nusu hiyo hiyo. Lilimuuma tangu mwaka jana. Sikujua. Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba nyumba hii ina nafasi ya mgonjwa mmoja tu, na siku zote nimeshaichukua mimi. Hilo limeniuma kuliko gego.

Jumapili, 9 Juni

Nimepata! Mji wa pili una kliniki yake, na huko hakuna anijuaye. Nitakwenda kama bubu. Nani atamshuku bubu kuwa ni dalali? Akili hizi sijui nazitoa wapi.

Mazoezi nimeanza tangu alfajiri. Mke kaniuliza kama nataka chai, nikanyamaza. Kaniuliza kama nimekasirika, nikanyamaza. Sasa yuko barazani, anamwambia jirani kwamba tangu aolewe hajawahi kupata Jumapili nzuri namna hii. Wivu tu.