Kibandiko cha Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeunguza gauni la bibi harusi! Joto lilinipanda pasi ikiwa mkononi, nikakimbilia dirishani, nikaiacha juu ya pindo. Nimechoka. Usiku silali, mchana nachuruzika jasho. Wifi yangu tunashona chumba kimoja, naye mkavu, tena anaimba. Ati hospitali wamempa vibandiko vya homoni ya estrojeni, anabandika chini ya kitovu. Akanishauri nami nikamwone daktari. Nikamjibu kwamba kukoma hedhi si ugonjwa.

Jumatano, 5 Machi
Wifi alitoka kununua zipu. Nikafungua droo yake, nikachukua pakiti moja. Nipange foleni kutwa nzima kwa dawa iliyo hatua mbili kutoka cherehani yangu? Mwili wa mwanamke ni mwili wa mwanamke.

Ijumaa, 28 Machi
Nalala! Pakiti ya pili hii. Sasa anayelalamika joto ni wifi, maana vibandiko vyake vinaisha kabla ya wakati. Anawashuku panya. Nimemuunga mkono.

Jumanne, 1 Aprili
Damu. Miaka mitatu sijaona hedhi, leo damu. Nilikaa chooni mpaka miguu ikafa ganzi. Naogopa sana. Nikamwambia wifi kila kitu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akabeba mkoba, tukaenda hospitali.

Daktari alisema wifi ametolewa kizazi, ndiyo maana anatumia estrojeni peke yake. (Nilijua! Mimi ndiye niliyempelekea chakula wodini.) Mwenye kizazi lazima atumie na homoni ya pili, projesteroni, la sivyo ukuta wa ndani wa kizazi unanenepa, na mwisho wake unaweza kuwa saratani. Na damu baada ya hedhi kukoma haipuuzwi hata kidogo. Wamechukua kipande kidogo cha ukuta huo wakapime.

Alhamisi, 10 Aprili
Majibu ni mazuri. Nililia palepale kwenye benchi, wifi kanishika mkono. Daktari aliuliza habari za presha, damu kuganda na saratani ya matiti, ndipo akaniandikia dawa zangu mwenyewe: vibandiko, na vidonge vya projesteroni vya usiku. Akanionya nisigawane dawa na mtu. Nikaapa.

Jumamosi, 12 Aprili
Mama wa bibi harusi alikuja kugomba kuhusu gauni. Jasho linamtiririka, maskini! Nikamvuta nyuma ya pazia, nikambandika kibandiko kimoja, vingine nikamfungia kwenye kitambaa. Gauni limesamehewa. Vidonge sikumpa hata kimoja. Daktari alinionya nisigawe dawa.