Upande Unaopata Jua

Jumatatu, 3 Machi
Halmashauri yetu ya Wirrabilla itajenga makao mapya, ya kutumia jua na maji ya mvua. Mfanyakazi yeyote aweza kuleta mchoro. Uamuzi Jumatatu ijayo. Mshindi atachongwa jina kwenye jiwe la msingi. Miaka ishirini na miwili niko ofisi ya vibali, na jina langu, Neville Croad, limeandikwa kwenye kikombe cha chai tu. Glenys wa maktaba ana benchi zima bustanini lenye jina lake, kama la kumkumbuka marehemu, na bado yu hai. Jiwe hilo lazima liwe langu.

Jumanne, 4 Machi
Mchoro nimepata! Kitabuni. Ukumbi wa mji mmoja huko Denmaki, tuzo tatu. Nimefuta bendera yao, nikachora kangaruu. Dakika kumi. Madirisha makubwa yote kusini, yapate jua. Kaskazini ukuta mnene na vyoo. Wadenishi wana akili.

Alhamisi, 6 Machi
Glenys kapita mezani kwangu, eti anatafuta gundi. Kaniuliza madirisha nimeyaweka upande gani. Nikamjibu, upande unaostahili. Akasema, "Nev kaka, hebu toka nje saa sita uangalie jua liko wapi." Anataka nitoke aibe mchoro. Sikutoka. Mchoro nimeufungia kwenye droo pamoja na chakula changu. Mchuzi wa pai ya nyama umevujia ofisi ya meya mchoroni.

Jumatatu, 10 Machi
Nilipeleka mfano wa jengo niliotengeneza kwa boksi. Nilieleza vizuri, hasa paa la kumwaga theluji. Meya, mama Petrakis, akauliza theluji ya wapi. Nikasema tujiandae tu. Akaagiza mfano utolewe nje juani, uelekezwe kama jengo litakavyokaa. Kumbe huku kwetu, kusini mwa dunia, jua hupita kaskazini. Ukumbi wa mikutano, giza. Ofisi ya meya, giza. Vyoo viling'aa. Meya akasema hajawahi kutamani choo kiasi hicho. Walicheka mpaka fundi bomba wa halmashauri akakaa chini. Niliumia sana. Nimezaliwa hapa hapa, nina miaka hamsini na mitatu.
Glenys kashinda. Mchoro wake una baraza pana upande wa kaskazini, matangi mawili ya mvua.

Jumatano, 12 Machi
Glenys kaniletea keki ya nazi. Kaomba jiwe liwe na majina mawili, lake na langu, maana bila boksi langu wajumbe wasingeelewa kwa nini baraza likae kaskazini. Nilitaka kulia, nikala keki. Meya kaniachia mimi kuchagua ukuta wa kuweka jiwe.

Ijumaa, 14 Machi
Nimechagua. Jina langu lipate jua kutwa, lisomeke hadi barabarani. Ili nisikosee tena, nimerudi kwenye kitabu cha Denmaki: ukuta wa kusini. Glenys kauliza kama nimetoka nje kuangalia kwanza. Wivu umemrudia. Fomu nimeshaigonga muhuri.