Motokari ya Bluu kwenye Orodha ya Mahari

Jumamosi, tarehe 2 mwezi wa nane

Leo nimeiona. Bluu. Milango miwili, tumbo chini, pua ndefu. Ilikuwa juu ya lori, imefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu, ikipita katikati ya mji. Nilikuwa nimetumwa sabuni. Sabuni nimeisahau. Nimelifuata lori kwa miguu hadi mtaa wa Kampemba, vumbi mdomoni, moyo mwepesi kabisa.

Lori likaingia kwenye ghala la Papa Kakule, Munande, mtu wa kabila la kule Butembo, mwenye malori ya kwenda mpakani Kasumbalesa. Na Papa Kakule ni nani? Ni baba wa Yannick, kijana anayetaka kumuoa binti yangu Princesse. Nimesimama getini nikamshukuru Mungu.

Motokari za mbio ninazo mbili tayari. Ya njano haina injini. Nyeupe ina injini ila haina magurudumu. Mke wangu Laurentine anasema lupango letu, ua wote huu, limekuwa makaburi. Hajui. Mtoto wa mfanyakazi wa reli kama mimi, aliyeona motokari nyekundu ya mbio ikipita Kambove, akiwa na miaka minane, hawezi kupona tena.

Jioni nimekaa ndani ya ile ya njano, nikashika usukani, nikafumba macho. Nilikuwa nimeshapita Likasi Laurentine alipokuja kusema bukari ya jioni imepoa mezani. Nimemwomba anipe dakika kumi za kurudi.

Jumatatu, tarehe 4

Barua imefika. Watu wa Yannick wanaomba orodha ya mahari. Princesse anaimba tangu asubuhi.

Nimemgusia Laurentine habari ya motokari ya tatu. Kwa upole, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Amejibu kwamba siku motokari ya tatu itakapoingia kwa geti hili, yeye atatoka kwa geti hilihili. Nimewaza kutoboa geti la pili.

Halafu, nikiosha miguu, wazo likaniteremkia. Mahari haikataliwi. Kitu kikija kama mahari, mke hawezi kukifukuza. Hata aliyekitamani hana kosa. Nimekaa na miguu majini hadi maji yakapoa.

Ijumaa, tarehe 8

Kikao cha familia. Dada yangu mkubwa Hortense ndiye mwenye desturi zetu zote kichwani. Amekaa kwenye kiti changu bila kuniuliza. Ametaja mistari kumi na moja, mimi nikaandika. Baba: suti, kofia, viatu. Mama: vikwembe sita vya kujifunga na blanketi. Mbuzi. Chumvi. Jembe. Mjomba wa binti: baiskeli mpya, yenye kengele.

Mjomba ni Osée, mdogo wake Laurentine, muuza samaki wakavu wa Kambove. Aliposikia baiskeli akafuta macho.

Nimeomba kusema. Nikaeleza kwamba zamani mtu alipewa jembe kwa sababu alilima. Leo mtu ana ndoto nyingine. Hortense ameniuliza ndoto gani. Nikasema basi, tuendelee.

Jumamosi, tarehe 9

Nanakili orodha kwa mwandiko safi. Tatizo: Hortense hasomi bila miwani, na miwani yake ilivunjika, lakini mistari anaihesabu kwa kidole. Kumi na moja lazima ibaki kumi na moja. Siwezi kuongeza wa kumi na mbili.

Nimeangalia orodha muda mrefu. Mbuzi siwezi kugusa. Chumvi, hapana. Mwishowe nimeondoa baiskeli, nikaandika mahali pake: motokari moja ya mbio, bluu, milango miwili. Chenye magurudumu kwa chenye magurudumu. Osée nitamnunulia baiskeli mwenyewe, siku moja. Kila kitu si kitashushwa hapa kwangu? Lupango ni langu, baba ni mimi.

Hortense amehesabu kwa kidole. Kumi na moja. Bahasha imefungwa, imeondoka.

Nimelala mchana. Nimeota barabara ya Kambove haina shimo hata moja.

Alhamisi, tarehe 14

Kimya. Siku tano. Kwa kawaida wakwe hujibu kwa siku mbili.

Princesse haimbi tena. Yannick alimpigia simu, akamwambia wazee wake wamekaa juu ya orodha, kuna mstari unaowasumbua. Hajui upi. Laurentine anadhani ni mbuzi. Hortense anadhani Wanande wanatupima. Mimi nimetazama sahani yangu.

Usiku Princesse amekuja kukaa nami kwenye motokari ya njano, kiti cha pembeni, kama alipokuwa mdogo. Zamani alikuwa akiniuliza tumefika wapi. Leo ameniambia tu kwamba amemngoja Yannick miaka minne, na kwamba wakikataa hataki mwingine. Kisha akalia. Nimeona haya. Haya kweli, mpaka masikioni. Nimeamua kwenda kwa Papa Kakule kuufuta mstari.

Jumanne, tarehe 19

Nimekwenda. Nilikuwa na maneno tayari: Papa Kakule, ilikuwa makosa ya kalamu. Nimeyarudia njia nzima.

Akanipokea vizuri, akanipeleka nyuma ya ghala tupate kivuli. Na kivulini, chini ya turubai, yeye, bluu yangu. Upepo ukainua turubai kidogo. Nikaona taa moja. Ilikuwa inaniangalia.

Papa Kakule ameniuliza nimeletwa na nini. Nikasema vumbi la mwaka huu limezidi. Akakubali limezidi. Akauliza kama kuna neno kuhusu orodha. Nikasema orodha ni orodha. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa polepole, akasema ameelewa.

Nimerudi kwa miguu. Najua mimi ni baba mbaya. Lakini ile taa!

Jumamosi, tarehe 23

Wamekuja! Wote, malori mawili, nyimbo, akina mama wamevaa kikwembe cha aina moja. Princesse alikuwa amefichwa chumbani kama ilivyo desturi, nami nikamsikia akicheka nyuma ya pazia. Hiyo peke yake ingetosha siku yangu kuwa nzuri.

Kisha lori la pili likashusha. Bluu. Mtaa mzima umesimama. Laurentine amenigeukia. Nimetazama mbinguni kama mtu asiyehusika. Mahari ni mahari.

Msemaji wao akafungua orodha, akaita mstari kwa mstari, mwenye haki akisimama kupokea mbele ya watu. Baba: suti, kofia, viatu. Nimesimama, nimepokea, nimekaa. Mama. Shangazi. Mbuzi wakahesabiwa.

Msemaji akasoma: mjomba wa binti, motokari moja ya mbio, bluu, milango miwili.

Nilikuwa nimeshasimama. Hortense amenivuta koti kwa nyuma, akaniambia nikae, zamu yangu imepita. Osée akainuka, akapokea ufunguo kwa mikono miwili. Osée hajui kuendesha hata mkokoteni.

Princesse akaulizwa kama tupokee. Akajibu tupokee, kwa sauti iliyofika barabarani. Laurentine alikuwa anacheka hadi machozi, akiniuliza kwa nini nimekaa kama suti inanibana.

Jumatatu, tarehe 25

Nimemwendea Hortense. Kubadilishana, je? Suti, kofia, viatu, na ile ya njano juu yake? Amesema mali ya mjomba ikihama, ndoa nayo inahama. Je, nataka hivyo kwa mtoto wangu? Sitaki.

Nimekutana na Papa Kakule. Ameniambia kwa furaha kwamba motokari ile ilimchosha, tangu mwaka jana anaihamisha ghala hadi ghala, hakuna mnunuzi, haibebi hata magunia mawili ya mahindi. Kilichowakalisha siku zote zile ni mshangao tu: hawakuelewa mjomba muuza samaki anaitaka ya nini. Wangenipa mimi, amesema, hata bila mahari, kama siku ile ya vumbi ningefungua mdomo.

Nimemuaga kwa adabu.

Osée ameondoka leo, motokari imefungwa nyuma ya lori la wakwe. Atafungia keria juu yake, na kiti cha pembeni atakitoa, samaki wapate nafasi. Nimeingia ndani ya ile ya njano. Sikuendesha. Nimekaa tu kwenye maegesho.

Jumapili, tarehe 31

Hortense amepita baada ya misa. Binti yake Séphora amepata mchumba. Kijana mpole, jina lake Lucien, mwalimu wa darasa la pili, anatembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi.

Nimemwuliza swali moja tu: mjomba wa Séphora ni nani?

Hortense amenitazama kama mtu anayehesabu mistari. Akasema yeye ana kaka mmoja tu duniani, kwa bahati mbaya, na kaka huyo ni mimi. Akaongeza kwamba hata baiskeli Lucien ataipata kwa shida.

Nimemtuliza. Nimemwambia asijisumbue na uandishi, mwandiko wangu ni mzuri. Amekwenda nyumbani. Jua linazama, kuku wametulia, na barabara ya Kambove iko wazi mbele yangu.

Nimeanza na mstari wa mjomba. Nyekundu.