Senta Aliyetumwa Kuchumbia Mtaa wa Tano

Jumatatu, 24 Aprili
Tumepigwa tena. Na Mtaa wa Sita! Wauza dagaa! Mimi kocha, hata wali nimeusukuma pembeni. Kosa la nani? Arnulfo, senta wetu wa mpira wa kikapu. Mrefu kama mnazi, mikono kama imepakwa mafuta, kila pasi inamponyoka. Shemeji Rogelio, aliyefiwa na mkewe, asiye na kazi ila kuitamani filimbi yangu, kasema mbele ya timu kwamba tukikosa kombe la sikukuu ya mtakatifu wetu, San Isidro, nikae pembeni. Wakapiga makofi. Makofi!

Jumatano, 26 Aprili
Kikao cha timu nyuma ya kanisa. Tumwache Arnulfo au tubaki naye? Nusu wanasema aende zake. Rogelio anamtetea: eti kijana hajafundishwa kudaka tu. Hajafundishwa na nani? Wote wakanigeukia. Nataka aondoke, lakini nimfukuzeje? Mke wangu ni mama yake wa ubatizo. Nikimgusa, nitajipikia mpaka nife.

Alhamisi, 27 Aprili
Nimepata! Sheria ya ligi yetu: kila mtu, mchezaji hata kocha, ni wa mtaa anaolala. Na Arnulfo hushikwa na kigugumizi akimwona Luz, binti wa Mzee Isko mwoka mikate, Mtaa wa Tano. Nikamwambia, ukimtaka binti, katumikie kwao kama walivyofanya babu zetu. Pasua kuni, teka maji, usiogope jasho. Akauchukua mkono wangu akauweka kwenye paji la uso wake kwa heshima, machozi yakimlenga. Nilijisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Jumatatu, 1 Mei
Imekubali! Unga hukandwa alfajiri, kwa hiyo Arnulfo sasa analala hukohuko, juu ya magunia. Ni mchezaji wao, kisheria kabisa! Nasikia Mzee Isko humrushia mikate ya moto kutoka tanurini, naye hudaka na kupanga. Ikimdondoka, Luz anacheka. Mimi nimecheka chooni mpaka mke wangu akagonga mlango, akauliza kama naumwa.

Jumapili, 7 Mei
Tumo fainali! Dhidi ya Mtaa wa Tano. Rogelio kapita kununua mikate, kasema Arnulfo hadondoshi tena hata mmoja. Nikamjibu mkate si mpira. Usingizi sina.

Jumapili, 14 Mei
Tumekwisha. Alidaka kila kitu. Alidaka hata pasi zetu! Mashabiki wao wakanizomea: “Kocha, lete mwingine tumwoke!” Halafu Arnulfo akaja mbele ya umati, akainama, akauchukua mkono wangu tena. “Baba, Luz kakubali. Bila wewe ningekuwa wapi? Usimamie harusi yetu.” Ombi kama hilo halikataliwi. Mke wangu analia kwa furaha. Mimi nalia tu.

Jumatatu, 15 Mei
Sikukuu. Nguruwe wa kuchoma kila meza, na mimi sina hamu. Filimbi iko shingoni mwa Rogelio, ananiagiza nibebe maji ya wachezaji. Maji! Nimewaza mchana kutwa, mwisho moyo umetulia. Muuza barafu wa Mtaa wa Pili ni mama mjane, mpole, na nyumba yake ina nafasi. Kesho nitamwambia Rogelio kwamba mama huyo kamuulizia. Na sheria ni sheria: hata kocha ni wa mtaa anaolala.