Maji Yaliyogoma Kula Chumvi

Jumanne, 26 Agosti 2025
Jumamosi, baada ya umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi, ushirika wetu wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, unachagua msimamizi wa mapipa ya maji ya chumvi ya kulowekea samaki kabla ya kuwaanika. Ni mimi. Nani mwingine? Nimesoma vitabu vya nchi tatu. Mpinzani wangu ni Murekatete, mwalimu wa kemia aliyekulia Goma. Pipa la lita hamsini analitia kilo kumi na nane za chumvi, kisha anaacha. Ubahili uliokwenda shule. Mimi nimeweka thelathini. Sambaza wangu watavuka mpaka wakiwa wakavu kama hoja zangu.

Jumatano, 27 Agosti
Chumvi imelala chini ya pipa. Nimekoroga asubuhi nzima kwa mwiko wa ugali. Mwiko umevunjika. Mke wangu, Gatesi, amenuna. Murekatete akapita, akachungulia. "Papa Gad, mayi imeshiba. Hata umwange chumvi camion nzima, haitakula tena."

Kisha akanihubiria. Eti chumvi ya chini haijalala: punje zinaingia majini, nyingine zinarudi chini, kwa idadi ileile. Kama pale mpakani, Petite Barrière: watu wanavuka na kurudi, na Goma haijai. Nikamwambia basi nitawazuia wanaorudi. Akauliza kwa njia gani. Swali la kitoto. Nikaondoka kwa heshima zangu.

Alhamisi, 28 Agosti
Mkaidi hulainishwa kwa moto. Nimehamishia maji kwenye sufuria kubwa, yamechemka mpaka saa kumi. Yalipopoa nikayarudisha. Chumvi ya chini imeongezeka. Imezaa! Maji yamepungua pia, lakini hilo halihusiani.

Jumamosi, 30 Agosti
Fedheha, ila si yangu.

Mwenyekiti wetu, Mama Nyirahabimana, anayevusha sambaza kwenda Goma kila siku, alileta kiazi kimoja. Akakielesha katika pipa la mwalimu, akachora kwa kalamu pale maji yalipofika. Akakihamishia katika langu. Mstari uleule. Nikasema kiazi kimehongwa. Wakacheka, hata wasio na meno.

Murekatete akamimina jagi la maji safi pipani mwangu, akakoroga. Chumvi ya chini ikapungua, kiazi kikarudi palepale kwenye mstari. Akasema maji yamejichukulia yanachohitaji, basi. Nikasema huo ni wizi wa chumvi mbele ya mashahidi.

Mama Nyirahabimana akaonja pipa moja, akatema, akaonja la pili. "Ni chumvi moja, Papa Gad. Ile yako ya chini ni kitanda tu ya samaki."

Tukapiga kura kwa kujipanga nyuma ya mgombea. Nyuma ya Murekatete mstari ulifika barabarani. Nyuma yangu kulikuwa na ziwa. Gatesi nilimwona katika mstari wa mwalimu, wa tatu toka mbele, ameshika kipande cha mwiko.

Jumapili, 31 Agosti
Sikwenda kanisani. Nimetafakari. Watu wanaoamini kiazi kuliko msomi hawastahili hasira yangu, nami nimewapa kidogo tu, kurasa sita.

Kosa langu nimelipata, tena ni moja: kilo thelathini zilikuwa chache. Nimeagiza gunia zima la hamsini. Gatesi ameuliza, bila kunitazama, safari hii nitakoroga kwa nini.

Jikoni nimeona mwiko mpya.