Muhuri Wangu Wafika Rusumo

Jumatatu, 16 Juni 2025
Ushindi! Mama Blessing amenipa nyaraka za lori lake la mchele linalokwenda Kigali. Mwahija, wakala wa forodha mwenzangu wa ofisi ya mkabala, alikuwa akimnyemelea tangu mavuno. Mimi nikamwamkia kwa adabu zote, nikamwita mayu, yaani mama, kama anavyoitwa kwao, akacheka. Ila ametoa onyo: mnunuzi wa Kigali hana subira. Lori likikwama mpakani, yeye mama anahamia kwa Mwahija. Nikamwambia alale usingizi.

Jumanne, 17 Juni
Cheti cha uasili, cha kuthibitisha mchele umelimwa nchini, kimetoka kwenye mfumo wa mtandaoni. Mwahija vyeti vya namna hii huvirusha mpakani kwa simu huku akila karanga. Kazi gani hiyo? Mteja ataionaje? Tena cheti chenyewe kiko uchi. Hakuna saini, hakuna muhuri, kuna kimraba tu cha vidoadoa kwenye kona, eti mashine ndicho inachosoma. Nikakichapisha. Nikakigonga muhuri wa ofisi yangu, ule wa duara wenye nyota tatu, juu ya kimraba ili kuficha ule uchafu. Nikaskani, nikatuma. Kimependeza kama cheti cha ndoa.

Alhamisi, 19 Juni
Dereva Boaz kapiga simu kutoka mpakani Rusumo. Mashine imegoma kusoma cheti, lori limeegeshwa pembeni, wenzake wanapita. Nikamwambia amweleze ofisa kuwa muhuri ni halali. Akajibu kuwa ofisa hana ugomvi na muhuri, ila mashine haioni kitu chini yake. Mashine ina dharau! Nikachapisha upya, nikagonga kwa nguvu zaidi mpaka wino ukakolea. Nikatuma tena. Boaz hapokei simu zangu.

Ijumaa, 20 Juni
Mama Blessing hakuitikia shikamoo yangu. Kapita moja kwa moja kwa Mwahija, kampa namba ya siri ya mfumo. Mwahija akarusha cheti kile kile, uchi vile vile, na kabla hajamaliza karanga zake lori likavuka. Mnunuzi kaupokea mchele akinung'unika. Kuanzia leo nyaraka zote za mama ni za Mwahija. Imeniuma, sikatai. Nilifunga ofisi mapema.

Jumapili, 22 Juni
Nimetafakari kanisani, mahubiri yote, na ukweli nimeuona. Tani thelathini za mchele na dereva mzoefu, vyote vilisimama kwa muhuri wangu peke yake. Mwahija hajawahi kusimamisha hata baiskeli! Nani mwingine hapa Nyasubi ana muhuri wenye nguvu hiyo?
Baada ya ibada nikamsimulia Cornel, anayepeleka maharage Bujumbura. Nikamwambia jinsi maofisa wa mpakani walivyokusanyika kuutazama muhuri wangu. Kashangaa mpaka kasahau kofia yake kwenye benchi. Kesho ananiletea nyaraka za malori mawili. Nimeshaagiza muhuri mpana zaidi, unaoenea ukurasa mzima.